Msaada wakuu: sarafu ya dhahabu ya Mwalimu ya 1974, naiuzaje bila kupigwa?

Kishoka_Mpya: Wakuu, habari za usiku. Nina sarafu ya dhahabu ya Tanzania, mwaka 1974. Upande mmoja sura ya Mwalimu Nyerere, upande wa pili mnyama. Ni urithi wa mzee. Naomba kujua thamani yake halisi kabla sijaingizwa mjini. Kesho saa nne asubuhi nakutana na mtu, kwa hiyo wenye kujua tafadhali mniharakishie.

BintiMagomeni: Pole sana kwa msiba, kaka. Mungu amlaze pema mzee.

Kishoka_Mpya: Amina dada.

Kocha_Mchezaji: Peleka benki wakupe thamani iliyoandikwa juu yake, ukirudi pitia soda.

Mzani: Mnyama gani, na imeandikwa shilingi ngapi? Bila hayo hakuna wa kukusaidia hapa.

Kishoka_Mpya: Mkuu, mambo ya usalama, siwezi kumwaga kila kitu mtandaoni. Ni ya njano kabisa, inang'aa, ina kikono cha kupitishia mkufu. Wewe nipe tu bei ya gramu.

Ustadhi_Ilala: Kabla ya gramu, mirathi imegawanywa? Dada zako wanajua? Watu wanakimbilia kuuza arobaini haijafika, halafu wanashangaa hela haina baraka.

Mswahili_Muscat: Mmenikumbusha babu yangu Unguja. Alikuwa na reale za fedha za yule malkia mnene wa Austria, Maria Theresa, zote mwaka 1780, akizificha kwenye mtungi. Tulijiona matajiri! Kumbe mwaka huo huo umeendelea kupigwa juu ya sarafu hizo hata baada ya malkia kufa. Shangazi aliziuza kwa sonara wa Muttrah, huku Muscat, kwa uzito wa fedha tu.

Mzani: Kishoka, sikiliza. Mwaka 1974 zilitoka aina tatu za ukumbusho, zilizotengenezwa na Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, kwa ajili ya kampeni ya kuhifadhi wanyamapori. Twiga ni shilingi 25, fedha. Kifaru ni shilingi 50, fedha. Duma ni shilingi 1500, na hiyo peke yake ndiyo dhahabu: gramu 33.437, usafi 900 kwa 1000, yaani dhahabu tupu kama gramu 30. Zidisha kwa bei ya dunia ya siku hiyo, hapo usishuke sana. Ila hicho kikono kama kimechomelewa, wakusanyaji wa sarafu hawaitaki tena, unabaki na bei ya madini. Sasa, mnyama gani?

Kishoka_Mpya: Kifaru. Lakini sonara mmoja aliiangalia akasema dhahabu hiyo. Na ukweli jamaa wa kesho ameshanipa kianzio, laki tano, nimelipia ada ya mtoto. Sikumdanganya, yeye mwenyewe aliiona.

Kocha_Mchezaji: Aaaah! Kumbe mechi imeshachezwa, wewe unaulizia matokeo.

Mzani: Kifaru cha njano ni fedha iliyopigwa maji ya dhahabu, mtu alitaka kidani. Pima upana. Ya dhahabu ina milimita 34, ya kifaru 42.

Kishoka_Mpya: Rula inasema sentimita 4 na kidogo. Lakini rula ya mtoto hii. Na jana mzee kanipigia akiniuliza iko wapi, kama ingekuwa ya hovyo angeiulizia?

Jicho_la_Tai: Mzee yupi? Si tulimpa pole hapa juu ukaitikia Amina? Wakuu, huu uzi wa kutunga. Kesho ataweka namba ya simu, "nauza dhahabu ya Mwalimu".

BintiMagomeni: Narudisha pole yangu.

Kishoka_Mpya: Sijatunga. Mzee aliirithi kwa babu, na mimi ndiye kitinda mimba, itakuwa yangu tu. Mnanihukumu bure.

Ustadhi_Ilala: Unamrithi mtu anayekupigia simu?

Mzani: Ya kutunga au ya kweli, kipimo ni kilekile. Weka kikombe cha maji kwenye mizani ndogo ya jikoni, irudishe sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi, izame bila kugusa chini wala pembeni, usome: huo ni uzito wa maji iliyoyasukuma. Ya dhahabu ingesoma karibu gramu 2. Kifaru cha gramu 35, fedha ya usafi 925 kwa 1000, kitasoma karibu 3.4, na hicho kikono kitaongeza kidogo.

Kishoka_Mpya: Nimeazima mizani kwa jirani anayeoka keki. Imesoma 3.6. Nimerudia, 3.6.

Jicho_la_Tai: Au jirani naye katungwa.

Mzani: Fedha. Kama ni ile ya gramu 35, ina gramu 32 na ushee za fedha tupu, si kitu cha kutupa, lakini si dhahabu. Mrudishie jamaa laki tano yake.

Kishoka_Mpya: Na kama mwenyewe haulizi mnyama gani?

Mswahili_Muscat: Mzani, samahani, hilo la maji linafaa kwa reale? Shangazi alibakiza moja.