Mjadala: Ibada ya asubuhi ofisini inatupa nguvu ya kazi, au inakula muda wa wananchi?

MLETA MADA
Habari zenu wadau. Nafanya kazi masjala, ofisi moja ya umma hapa Dodoma, sitaitaja. Mimi ni Mwanglikana, nimekulia Mvumi kwa bibi, na ninayoyasema nayasema kwa sababu naipenda imani yangu.

Ofisini tuna kikundi cha maombi. Tunakutana saa 1:00 asubuhi, kazi inaanza 1:30. Ndivyo tulivyokubaliana. Wiki iliyopita ilifika saa 2:10 bado tuko kwenye mapambio. Nikatoka kufuata daftari, nikamkuta mzee kwenye benchi, bahasha ya kaki mapajani, viatu vimejaa vumbi. Katoka Bahi na gari la alfajiri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mjukuu wangu, mkishamaliza kumwomba Mungu, mtanihudumia?"

Swali lile limenikaa kifuani mpaka leo. Danieli alikuwa mtumishi wa serikali ya kipagani kule Babeli. Wenzake walipomtafutia kosa katika kazi zake hawakuliona, ikabidi wamvizie kwenye sala zake. Sisi tukivamiwa leo, kosa litapatikana palepale kwenye rejesta ya mafaili. Msimamo wangu: tuombe, lakini ikifika 1:30 dirisha liwe wazi na mtu amekaa. Mnasemaje?

MCHANGIAJI, NKUHUNGU
Ndugu yangu, unatuumiza bila sababu. Ibada hizi zimewatoa watu kwenye mengi. Mimi nilikuwa napokea "ya soda" kila siku, faili halisogei bila kitu. Aliyenitoa huko hakuwa TAKUKURU, ni kikundi cha maombi. Nilitubu mbele ya wenzangu, na kuanzia siku ile nikashindwa kunyoosha mkono, maana wananijua. Ukivunja kikundi unavunja na ulinzi huo. Dakika arobaini ni nini mbele ya mtumishi aliyeacha rushwa?

MLETA MADA
Kaka, Mungu akubariki kwa ushuhuda huo. Sijasema kikundi kivunjwe. Lakini yule mzee wa Bahi hakukudai wewe ushuhuda, alidai muda wake. Mtu akikosa gari la kurudi analala mjini, na kulala mjini ni hela. Kolosai 3:23 inasema lo lote tufanyalo tulifanye kwa moyo, kama kwa Bwana. Kugonga mhuri nako kumo humo.

MCHANGIAJI, CHANG'OMBE
Mimi ni Muislamu, naomba niseme kwa heshima. Wenzangu Wakristo kuomba hakunikeri hata kidogo. Sisi Ijumaa tunatoka kwenda kuswali na wao ndio wanatushikia madawati. Kinachoniumiza ni pale mkuu wa idara anaposimamisha kikao na kusema "tuombe", kisha anaomba kwa dini yake, na huyohuyo ndiye anayejaza tathmini yangu ya utendaji. Nainamisha kichwa. Naogopa asinione mkaidi. Katiba ibara ya 3 inasema nchi yetu haina dini, na ya 19 inasema shughuli za jumuiya za dini ziko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Akitaka kunivuta kwa imani yake, na anivute kwa haki. Mwaka juzi nilipofiwa, aliyenifunikia kazi wiki nzima bila kuambiwa alikuwa mama mmoja wa Kilutheri. Hajawahi kunihubiria. Huyo akiniambia neno la Mungu wake, nitakaa nimsikilize.

MCHANGIAJI, NKUHUNGU
Hapo kwa bosi nakubaliana na wewe, dada. Hilo si sawa.

MCHANGIAJI, IPAGALA
Mimi ni muuguzi, wodi ya wazazi. Sisi hatuna muda wa ibada, jamani. Usiku mnakuwa wawili, akina mama sita. Sala yangu naifanya nikiwa naosha mikono kabla ya kuvaa glovu, haifiki nusu dakika: "Bwana, huyu ni binti yako, nishike mikono." Basi. Nehemia naye mfalme alipomuuliza anataka nini, aliomba palepale kimoyomoyo, kisha akajibu. Hakuomba ruhusa atoke.

Na msifikiri ni sala ndogo. Kuna usiku mama alimwaga damu nyingi, daktari yuko njiani, mwenzangu mikono inamtetemeka. Nilijikuta natulia, nakanda tumbo, naagiza dawa moja moja kwa sauti ya kawaida. Mama alipona. Mafunzo yangu yalifanya kazi, nisidanganye. Lakini utulivu ule haukuwa wangu.

MLETA MADA
Dada wa Ipagala, nimesoma mchango wako mara tatu. Dada wa Chang'ombe, jambo la tathmini sikuwahi kuliwaza, na kwetu nako mkuu anafungua vikao hivyohivyo. Nitamfuata faragha nimweleze, kama mzee wangu wa kanisani.

Kuhusu kikundi, Jumatatu napeleka ombi tuanze saa 12:45. Wanaotoka Mtumba na Ihumwa watalalamika usafiri, najua. Wakikataa, nitaomba nao mpaka 1:25, kisha nitainuka nikafungue dirisha. Wenye ofisi zilizokwisha kujaribu hivi, mliwezaje bila kugombana?