Mbeya: Kanuni ya "ukifungua sili umenunua" ndiyo inayowalinda wauza simu bandia

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Maduka kadhaa ya simu hapa mjini Mbeya yamejitungia kanuni ambayo haimo katika sheria yoyote ya nchi hii: boksi la simu mpya halifunguliwi mpaka mnunuzi awe amelipa fedha yote, na akishalipa, bidhaa hairudishwi. Ukiziweka kanuni hizo mbili pamoja, maana yake ni kwamba mteja hapewi nafasi ya kujua anachonunua wakati bado anaweza kukataa, na anakuja kujua pale ambapo kujua hakumsaidii tena. Wanaonufaika na utaratibu huo ni wauzaji wa simu bandia.

Familia yetu ilichangishana fedha ili mdogo wetu anayeanza chuo apate simu nzuri ya kusomea. Tukachagua Samsung Galaxy A54, na katika duka moja la Mwanjelwa tukatajiwa shilingi 680,000, bei ambayo haikuwa ya kutupa wala ya kutia shaka. Tuliomba boksi lifunguliwe mbele yetu kabla ya malipo. Kijana wa kaunta akajibu bila kuinua macho: "Ukifungua sili umenunua." Tukaomba basi angalau tuihakiki namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, iliyobandikwa nje ya boksi kwa kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na hapo alikubali haraka kuliko tulivyotarajia, hata akatusomea tarakimu yeye mwenyewe. Jibu lilikuja likitaja Samsung na modeli sahihi. Tukalipa, sili ikakatwa, na haikuchukua muda kutambua kwamba tumeuziwa simu bandia. Tuliporudi dukani jioni hiyohiyo, tuliambiwa hivi: "Dada yangu, si ulihakiki mwenyewe? IMEI inasoma. Na soma risiti yako hapo chini." Hapo chini pameandikwa kuwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Ninataka nieleze kwa kirefu kwa nini jibu hilo la "IMEI inasoma" ni la kilaghai, kwa sababu watu wengi wanaliamini kwa nia njema. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilituzoesha kuhakiki namba hizo kuelekea tarehe 16 Juni 2016, siku ambayo simu zenye namba zisizotambulika zilizimwa kwenye mitandao yote nchini. Kazi hiyo ilikuwa na maana kubwa wakati ule, kwa sababu simu bandia nyingi zilikuwa na namba za kubuni, na nyingine hazikuwa na namba kabisa. IMEI ina tarakimu 15. Nane za mwanzo hutambulisha mtengenezaji na modeli, na hutolewa kwa utaratibu unaosimamiwa na GSMA, umoja wa kimataifa wa kampuni za simu. Sita zinazofuata ni za kifaa husika. Ya mwisho ni ya ukaguzi, inayopatikana kwa kukokotoa zile 14 zilizotangulia. Mtu anayebuni namba ovyo hukwama hapo. Lakini anayenakili namba nzima kutoka kwenye simu halisi hakwami popote, kwa kuwa ujumbe wa 15090 unajibu swali moja tu, yaani namba hii ni ya simu gani. Hauwezi kuona kifaa ulichokishika mkononi. Na ikiwa umetuma namba iliyo kwenye karatasi ya nje ya boksi, basi ulichohakiki ni karatasi.

Kwa hiyo muuzaji anayekubali kwa furaha uhakiki wa 15090 huku akikataa katakata boksi kufunguliwa anajua anachokifanya. Anakupa kipimo ambacho bidhaa yake imeandaliwa kukifaulu, na anakunyima vile ambavyo ingefeli.

Vipimo hivyo nitavitaja hapa, pamoja na tulichokikuta sisi, ili yeyote atakayenunua simu baada ya kusoma uzi huu awe na hoja za kusimamia mbele ya kaunta. Cha kwanza ni kubonyeza *#06# kwenye simu yenyewe na kulinganisha kinachotokea na namba za kwenye boksi pamoja na zile zilizo kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Simu ya laini mbili inapaswa kuwa na IMEI mbili zinazotofautiana. Ya kwetu ilionyesha namba moja ikijirudia mara mbili, jambo ambalo haliwezekani kwa simu iliyosajiliwa ipasavyo. Cha pili, kwa simu za Samsung, ni kubonyeza *#0*#, ambayo kwa modeli nyingi hufungua ukurasa wa majaribio ya kioo, spika, kamera na vihisio. Tulipoibonyeza, hakuna kilichofunguka. Nenda pia Play Store, kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu, usome mstari wa Play Protect unaoeleza kama kifaa kimethibitishwa. Ya kwetu ilisema hakijathibitishwa.

Kinachoniudhi zaidi ni ustadi wa udanganyifu ulio ndani ya mipangilio. Ukifungua sehemu ya kuhusu simu unasoma Android 13, GB 8 za RAM na GB 256 za hifadhi, vyote vimeandikwa vizuri kama kwenye boksi. Ni maandishi tu. Tulipakua programu ya CPU-Z, inayosoma vifaa vya ndani, na badala ya Exynos 1380 ambayo ndiyo prosesa ya A54, tukakuta MediaTek MT6580, prosesa ya zamani ambayo mwisho wake ni 3G. Alama ya 5G iliyokuwa juu ya kioo ilikuwa picha iliyowekwa pale. Kioo chenyewe, ambacho kwa A54 kinapaswa kuwa na pikseli 1080 kwa 2340, kilikuwa hafifu kiasi kwamba maandishi madogo yalionyesha kingo zilizochakaa. Niseme pia kwamba hata programu za aina hii zinaweza kudanganywa na mfumo uliochezewa, hivyo ikikupa majibu mazuri usiishie hapo. Ikikupa majibu mabaya, ondoka.

Hifadhi ya uongo ndiyo yenye madhara yanayochelewa. Simu inadai GB 256 ilhali kifaa cha ndani ni kidogo mno, na mtumiaji haoni tatizo lolote mpaka hifadhi halisi ijae. Kuanzia hapo picha na video mpya zinaonekana kuhifadhiwa, lakini ukizifungua zimeharibika. Mwanafunzi anaweza kupoteza kazi zake zote za muhula kwa namna hiyo, tena kimyakimya.

Kamera na alama ya kidole zinapimika hata dukani, bila intaneti. A54 ina lenzi tatu nyuma. Fungua kamera, badilisha kutoka picha ya kawaida kwenda picha pana, halafu ziba lenzi moja moja kwa kidole. Kama kuna lenzi ambayo ukiiziba hakuna kinachobadilika katika hali yoyote, hiyo ni pambo. Sajili kidole kimoja, kisha jaribu kufungua simu kwa kidole kingine, au mpe mtu mwingine ajaribu. Simu yetu ilimfungukia kila mtu nyumbani. Fikirieni maana yake kwa mtu anayetunza fedha zake humo.

Na hapo kwenye fedha ndipo jambo hili linapozidi hasara ya kununua kifaa kibovu. Mwezi Aprili 2025 kampuni ya usalama wa mitandao ya Kaspersky ilieleza kuwa imekuta aina mpya ya programu hasidi iitwayo Triada ikiwa imepachikwa ndani ya mfumo wa simu bandia za Android kabla hazijamfikia mnunuzi, na watumiaji zaidi ya 2,600 walikuwa wamekumbwa nayo, wengi wao nchini Urusi. Programu ya namna hiyo inaweza kusoma na kutuma ujumbe mfupi bila mwenye simu kujua, na kuiba akaunti za mitandao ya kijamii. Kwa kuwa imekaa ndani ya mfumo wenyewe, kuirejesha simu katika hali ya kiwandani hakuiondoi. Sisemi kwamba kila simu bandia inayouzwa hapa ina Triada. Ninasema kwamba anayekuuzia simu ambayo mfumo wake umeandikwa upya na watu wasiojulikana amekukabidhi kitu ambacho hupaswi kuingiza humo namba ya siri ya benki wala ya pesa za mtandao.

Wanaoumia zaidi hawako mjini. Tazameni Mwanjelwa baada ya mavuno, wakati watu wa Mbarali wameuza mpunga, na wa Mbozi wamelipwa kahawa yao. Mtu anapanda basi asubuhi kutoka Ubaruku, Chunya, Ileje au Makete, ananunua simu iliyofungwa sili, anaiweka kwenye begi, na anaifungua akiwa amefika nyumbani usiku. Kurudi Mbeya kulalamika ni nauli nyingine na siku nyingine ya kazi iliyopotea, na muuzaji anajua kwamba wengi hawatarudi. Mkulima huyohuyo anapouza mpunga wake, mnunuzi anachoma gunia kwa bambo, anamwaga punje kiganjani, anazitafuna, ndipo anataja bei. Hakuna aliyewahi kumwambia mnunuzi wa mpunga kwamba akichoma gunia amelinunua. Kwa nini basi mkulima anaposimama upande wa pili wa biashara anyimwe haki ambayo yeye huitoa kila msimu bila kuulizwa?

Nimesikia hoja ya wauzaji kwamba boksi likishafunguliwa linapoteza thamani, na mteja anayefuata atadhani simu imetumika. Sitaki kuipuuza hoja hiyo, kwa sababu kuna wafanyabiashara waaminifu wanaoisema. Lakini sili ni kipande cha plastiki chenye gundi, na wanaotengeneza simu nzima ya bandia hawashindwi kutengeneza sili yake. Boksi letu lilikuwa na sili safi isiyo na mkwaruzo. Aidha, kuna namna nyingi za kumlinda muuzaji: mteja aonyeshe fedha kwanza, au aiache kaunta, au waandikiane kwamba simu ikithibitika kuwa halisi biashara imekamilika. Nimeona duka moja Mafinga ambalo hufungua boksi juu ya kaunta, huwasha simu, huweka laini ya mteja na kumwacha aikague, kisha huandika IMEI zote mbili kwenye risiti. Duka hilo halijafilisika.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo fulani kilingane na maelezo hayo, na kuuza bidhaa yenye nembo ya kughushi ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Kuchezea IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mstari uliochapwa chini ya risiti hauwezi kufuta kosa la jinai. FCC na TCRA zote zina ofisi za kanda hapa Mbeya, kwa hiyo mwenye malalamiko hana haja ya kuyapeleka Dar es Salaam. Ila nendeni na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Muuzaji anayekupa risiti ya kuandikwa kwa mkono, yenye neno "simu" tu bila modeli wala IMEI, anakunyima ushahidi mapema, na hilo pekee linatosha kumwachia simu yake.

Ninachokitaka ni hiki. Mamlaka zinazohusika zitamke hadharani, kwa tangazo linalobandikwa kwenye kila duka la simu, kwamba mnunuzi ana haki ya kufunguliwa boksi na kuikagua simu kabla ya kulipa, na kwamba maneno ya "hairudishwi" hayahusu bidhaa bandia. Ukaguzi wa madukani ufungue maboksi, usiishie kusoma namba zilizobandikwa nje. Na elimu inayotolewa kuhusu 15090 iongezewe maelezo kwamba jibu sahihi la ujumbe ule ni mwanzo wa uhakiki, kwa sababu kwa sasa wauzaji wameligeuza kuwa ngao yao.

Malalamiko yetu tunayawasilisha wiki hii, pamoja na simu, boksi, risiti na picha za skrini za kila kipimo nilichokitaja. Sitalitaja duka hapa mpaka shauri lisikilizwe. Aliyeuziwa simu ya namna hii Mbeya, Tunduma, Njombe au Iringa na bado ana risiti yake, aandike hapa modeli na alichokikuta, ili ijulikane kama ni mzigo mmoja unaosambazwa. Wauza simu mlio humu ndani, naomba mjibu swali moja kwa ndiyo au hapana: nikija dukani kwako kesho na fedha mkononi, utafungua boksi kabla sijakulipa?