Tupeane uzoefu: hospitali ilipokosea, mlifanyaje?

Wapendwa, tuliouguza mtu akaumizwa na matibabu yenyewe, tusimulie hapa. Mlielezwa ukweli au mlipigwa danadana?

Naanza mimi. Mama yangu ana mzio wa penisilini na faili lake linasema hivyo. Zamu zilipobadilishana usiku, nesi aliyeingia akamchoma ampisilini, ambayo ni dawa ya jamii hiyohiyo ya penisilini. Uso ukavimba, pumzi zikaanza kukata, adrenalini ndiyo iliyomwokoa. Kilichoniuma zaidi ni kauli ya daktari asubuhi: "Ni mwili wake tu." Tuliomba nakala ya faili siku ileile. Jina la dawa, saa na sahihi vyote vilikuwemo. Hapo ndipo uongozi ulipokubali kukaa na sisi.

*Nesi wa Thieta:*
Pole sana dada, na mpe mama pole. Kukabidhiana zamu ni saa ya hatari, hasa wodi ikiwa imejaa.

Kwetu thieta, chumba cha upasuaji, tunafuata orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, vifo vya waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kuna mgonjwa tulihesabu vitambaa vya kufyonzea damu, kimoja hakionekani. Daktari alishashika sindano ya kushonea. Nikamwambia, "Daktari, hesabu haijatimia, hatufungi." Alikasirika, tukapiga eksirei, kitambaa kikaonekana tumboni. Mgonjwa hakuambiwa chochote, na naamini ilikuwa haki yake kujua.

*Wakili Mstaafu:*
Ndugu zangu, matokeo mabaya peke yake hayatoshi kuwa uzembe. Kwenye nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, mdai huthibitisha kwamba daktari alikuwa na wajibu kwake, aliukiuka, na ukiukaji huohuo ndio uliomdhuru. Kesi nyingi hufia hapo mwisho. Niliwahi kumtetea mjane wa kiume aliyedai saratani ya mkewe ilichelewa kugunduliwa. Uzembe tuliuthibitisha, lakini wataalamu wakasema hata ingegunduliwa mapema asingepona. Tukashindwa.

Kuhusu ridhaa ya mgonjwa kabla ya kutibiwa, someni hukumu ya kesi ya Montgomery ya Mahakama ya Juu ya Uingereza, 2015. Daktari anatakiwa kumweleza mgonjwa hatari ambazo mtu aliye katika hali yake angeziona ni za maana, pamoja na njia mbadala za matibabu. Kumpa fomu asaini haitoshi.

*Baba Pendo:*
Sisi mtoto alifariki wakati wa kuzaliwa. Hatukutaka fidia. Tulitaka mtu atuambie kilichotokea, mpaka leo kimya.

*Mwanzisha mada:*
Pole mno kaka. Mzee wetu wakili, bado anaweza kudai maelezo?

*Wakili Mstaafu:*
Aombe, mwanangu. Aandike barua kwa mkuu wa hospitali akitaka nakala ya faili la mama na la mtoto, na abaki na nakala ya barua hiyo iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Wakikaa kimya, baraza linalosimamia madaktari hupokea malalamiko bila kesi ya fidia. Ila kama atataka kushtaki, amwone wakili wiki hii, maana muda wa kufungua shauri una ukomo.