Tupeane uzoefu: mzazi gani alikuambukiza ugonjwa wa bustani?

Mama Figiri: Wakuu habari za jumapili. Nimetoka sokoni sasa hivi, fungu la mnafu bei ya kutisha halafu limeshanyauka, nikamkumbuka mama. Kwetu Moshi mboga hatukuwa tunanunua, uani kulikuwa na mnafu, figiri, matembele pale yanapotokea maji ya bafuni, na jioni zamu ya kumwagilia kwa kopo la Blue Band lililotobolewa matundu kwa msumari. Nilikuwa nachukia balaa. Leo nimepanga Tabata, kibaraza hakitoshi hata kutandika mkeka, lakini nina ndoo za rangi nimejaza udongo na nikirudi kazini hata viatu sijavua naenda kuangalia kama bilinganya imetoa ua. Nimempigia bi mkubwa nikamwambia ahsante kwa kunifundisha, akauliza kama nimefukuzwa kazi 😂. Haya mwageni na nyie.

Ukaya: Hilo kopo na sisi tulikuwa nalo aisee.

Shamba Dogo: Mimi aliyeniambukiza ni mzee wangu. Alikuwa dereva, akirudi anavua shati anachukua jembe. Hakuna siku alinikalisha chini kunifundisha, alikuwa anaita tu "njoo ushike kamba" tunanyoosha mistari ya kabichi. Kuhamisha miche ya nyanya ndo alikuwa mkali: mwagilia kitalu kwanza, halafu shika jani usishike shina, jani litaota lingine, shina likivunjika umeua mche. Wanangu wanashika jani mpaka leo na babu yao hawakumkuta. Mungu amrehemu.

Mjuaji: Mtoa mada, kumwagilia jioni ndo kunaleta ukungu. Asubuhi tu.

Ukaya: Mjuaji wewe una hela ya bomba la saa 24, wenzio maji yanatoka jioni. Acha watu washukuru wazazi.

Kijana wa Uru: Nilikuwa napita tu ila hii mada imenigusa, yangu ndefu mnisamehe. Baba alikuwa na parachichi moja kihambani, yaani shamba la nyumbani, tamu sana, watu walikuwa wanatoka mbali kuja kuomba. Nikiwa shule ya msingi akanifundisha kubebesha, unaotesha kokwa la kienyeji, mche ukifika unene wa penseli unaukata, unaupasua kati, unachonga kikonyo cha mti mzuri kwa kiwembe pande mbili kama kabari, unakichomeka ganda liguse ganda, unafunga na nailoni. Vidole vyangu vilikuwa plasta kila siku. Baba akafariki. Tumemaliza kuzika, matanga hayajaondolewa, baba mdogo akaja na vijana na msumeno wa mashine, anasema upande ule wa kihamba ni wake na mti unamzibia. Mama hakupiga kelele. Alienda mpakani akakata jani la sale, mmea wa amani kwetu Wachagga, akamfuata nalo mkononi mbele ya waombolezaji wote. Waliotoka kwetu wanajua, ukipelekewa sale hukatai. Akazima mashine, ila mti ulishalala. Watu wanalia, mimi nikaingia kwenye yale matawi na kiwembe, nikakata vikonyo nikafunga kwenye gazeti lililolowana, jioni ileile nikabebesha kwenye miche yote aliyoacha baba kitaluni. Mingine ilikufa. Iliyopona ilizaa mwaka wa tatu, ladha ileile. Mama alipoonja alikaa chini. Ahsante baba.

Shamba Dogo: Daah.

Mwanasheria wa Mtaa: Hati ilikuwa jina la nani? Mirathi mlifungua? Nenda baraza la ardhi haraka mkuu.

Ukaya: Watu wa kwenu na ardhi nyie!

Kijana wa Uru: Ukaya usilete ukabila hapa.

Wairimu254: Pole sana bro. Mimi mathe wangu alinifunza kupanda sukuma wiki na managu (mnafu wenu) kwa gunia huku Kiambu, gunia moja mwalisha nyumba nzima. Sasa huyo uncle alienda wapi?

Mama Figiri: Jamani uzi wangu umekuwa wa baba mdogo 😂. Nisaidieni basi, bilinganya ina vidudu vyeusi vidogo chini ya majani.

Shamba Dogo: Vidukari hao. Majani ya mwarobaini, twanga, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni.

Ukaya: Mama yangu alikuwa anamwaga majivu tu.

Mjuaji: Majivu mengi kwenye ndoo unaharibu udongo. Na mwarobaini msiutegemee kwa kila kitu, kantangaze, yule mdudu wa nyanya, ilipoingia nchini 2014 watu walinyunyiza mpaka wakachoka, funza yupo ndani ya jani, dawa inamfikia vipi?

Ukaya: Kaulizia vidukari unamjibu kantangaze. Wewe nani alikufundisha bustani?

Mjuaji: Bibi. Na alikuwa anamwagilia asubuhi.

Wairimu254: 😂😂 Kijana wa Uru, hiyo miche unauza?

Kijana wa Uru: Siuzi, vikonyo nagawa bure. Kuhusu baba mdogo, ndo mteja wa kwanza, alituma mtoto wake aje kuomba.

Ukaya: Ukampa??

Kijana wa Uru: Mama alimpa.