Naomba ushauri: mama mkwe anarudi Mwanza baada ya miaka mingi, nimpeleke wapi akale vyakula vya mtaani vya kwao?

Mkwe wa Nyakato (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyeletwa Mwanza na kazi, na huu ni mwaka wa tatu tunaishi Nyakato. Mwishoni mwa Julai mama mkwe wangu atatutembelea kwa siku nne akiwa na wajukuu wawili. Mama alizaliwa Magu, akaolewa Tanga mwaka 1974, na tangu wazazi wake walipofariki hajakanyaga tena huku. Amemwambia mke wangu kwenye simu kwamba hataki kupikiwa pilau wala kupelekwa hotelini. Anachotamani ni samaki wa ziwani aliyechomwa mbele ya macho yake, dagaa, furu (wale samaki wadogo wa ziwani) na michembe, vitu alivyokuwa akivila sokoni na njiani alipokuwa msichana.

Mke wangu amekulia Tanga, kwa hiyo sote wawili ni wageni katika jambo hili. Mwaka jana niliwapeleka wageni wa ofisini mahali fulani kando ya ziwa, tukasubiri karibu saa mbili, kisha tukaletewa sato ambaye nyama yake ilimomonyoka kwenye vidole na kunuka friji. Nililipa kwa aibu nikanyamaza. Yasije yakamkuta mama yangu mkwe. Naomba mnielekeze ni vyakula gani, viko wapi, na ni saa ngapi za kwenda.

Mchuuzi wa Kirumba

Mkuu, karibu sana kanda ya ziwa.

Tatizo lako la mwaka jana lilianza pale ulipoagiza samaki kabla hujamwona. Siku hiyo amka mapema, nenda sokoni kabla ya saa tatu asubuhi, wakati samaki waliotoka kwenye mialo, yaani sehemu mitumbwi inaposhushia samaki, kama Igombe na Kayenze bado hawajapigwa na jua. Inua shavu la sato utazame ndani: liwe jekundu kama damu, si la kahawia. Mbonyeze mgongoni kwa kidole. Shimo likibaki, muache. Akiwa mfupi kuliko sentimita 25 muache pia, kwa sababu sato wa ukubwa huo haruhusiwi kuvuliwa, na hata ukimnunua utaishia kula miiba. Muulize muuzaji kama ni wa ziwa au wa vizimba, yaani wa kufugwa. Wote wanalika, ila wa vizimba kwa ulimi wangu ana mafuta mengi, na mama yako aliyemzoea yule wa zamani atamtambua kwa tonge la kwanza.

Ukishamnunua, mpeleke kwa mchomaji unayemwona kwa macho. Wachomaji wengi wa jioni hawakatai kukuchomea samaki uliyekuja naye ukilipia mkaa, ugali na kachumbari. Mtazame anavyofanya kazi: samaki huchanjwa pande zote mbili mpaka kisu kiguse mfupa, hupakwa chumvi na ndimu, kisha hulazwa kwenye wavu wakati mkaa umekwisha kushika majivu meupe. Mkaa ukiwa bado unawaka moto, ngozi huungua huku nyama ya mgongoni ikibaki mbichi, na mchomaji mwenye haraka ataificha kasoro hiyo kwa kuimwagia pilipili.

Kuhusu dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika. Tazama mwezi kabla hujamwahidi mama dagaa wabichi wa kukaanga, wale wanaotoka kwenye karai wakilia, wanakamuliwa ndimu na kutafunwa kichwa na vyote. Wakavu wapo siku zote katika soko la Mwaloni, Kirumba. Chukua waliokaushwa kwenye vichanja. Walioanikwa chini utawajua kwa meno, maana mchanga hautoki hata uwaoshe mara tano.

Binti wa Kisesa

Mwangaluka, shemeji. Umenigusa, kwa sababu mama yangu mzazi naye ni wa Magu.

Kwanza hakikisha kama mama anataka michembe au matobolwa, maana watu waliokaa mbali huviita vyote kwa jina moja. Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa vikiwa vibichi, ambavyo baadaye hupikwa, na kwetu tunavipenda zaidi vikiungwa na karanga. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakakatwa na kuanikwa, kwa hiyo hayahitaji jiko tena: huweka mfukoni ukatafuna njiani, au ukala na maziwa ya mgando. Ikiwa anakumbuka kula njiani akiwa msichana, karibu nina hakika anazungumzia matobolwa.

Una bahati ya majira. Viazi vimeshavunwa, jua ni kali na mvua hakuna, hivyo Julai na Agosti ndipo mapya hufika sokoni. Uliza Mlango Mmoja au Igoma, lakini kama una gari, mlete Kisesa, ambako akina mama wa vijijini huleta ya kwao wenyewe. Mazuri yana rangi ya asali na hujikunja kidogo ukiyakunja, kisha huvunjika. Yaliyopatwa na unyevu yana vidoa vyeusi na harufu ya ghala. Hapo hapo Kisesa mpeleke Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, atazame nyumba na ngoma za enzi zake wakati wajukuu wanatafuna. Muulizie pia nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, hata kama hakuyataja.

Jambo la pili uniwie radhi, ila wewe ni mkwe. Wazee wengi wa Kisukuma waliolelewa zamani huona taabu kula meza moja na mkwe wao wa kiume, tena hadharani. Mama hatakwambia, ataonja kidogo na kusema ameshiba. Mwache akae benchi moja na binti yake na wajukuu, wewe kaa upande wa pili na mchomaji. Utashangaa atakavyokula.

Mzee wa Pasiansi

Usisahau mapanki. Ni ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa, nayo hukaangwa mpaka ikauke. Ndiyo iliyotulea sisi tulipokuwa hatuna fedha.

Binti wa Kisesa

Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu, lakini kwa mama huyu siafiki. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na alikuja kujaa miaka ya 1980, wakati mama alikuwa ameshaolewa Tanga. Mapanki ni kumbukumbu yako na yangu, si yake. Samaki wa utoto wake ni furu, ambaye sangara huyo huyo ndiye aliyemmaliza.

Mzee wa Pasiansi

Marahaba, binti yangu. Hapo umesema kweli, nimekubali.

Mkwe wa Nyakato (mleta uzi)

Nawashukuru mno, na hasa dada yangu kwa suala la benchi, ambalo lisingenijia akilini kamwe. Nina maswali mawili. Furu bado wanapatikana? Na wajukuu, ambao matumbo yao hayajazoea, niwalinde vipi?

Mama Lishe wa Zamani

Mwanangu, nimepika kando ya barabara miaka kumi na tisa, kwa hiyo nisikilize.

Furu wapo, ila si kila siku na si wengi. Huuzwa kwa mafungu, wadogo kama kiganja cha mtoto, wakati mwingine wamekwisha kukaangwa. Mwagize mchuuzi mmoja siku mbili kabla, akuwekee. Wakaangwe tena mpaka miiba ilainike, na watoto wenu wasiachiwe peke yao.

Kuhusu matumbo, usitazame kibanda kizuri. Tazama maji ya kunawa na foleni. Penye watu wengi chakula hakilali. Kachumbari ikatwe mkiwa mmekaa, isitoke kwenye bakuli la tangu mchana. Vya kukaanga viinuliwe kutoka kwenye mafuta mkiwa mmesimama pale, si vile vya kwenye kabati la kioo. Watoto wape mihogo ya kuchoma na mahindi bila wasiwasi.

Mkwe wa Nyakato (mleta uzi)

Mrejesho, ndugu zangu.

Sato tulimchagua wenyewe saa mbili asubuhi na jioni tukachomewa Kirumba. Nilikaa na mchomaji kama nilivyoshauriwa, nikimtazama mama kwa mbali. Alinyonya kichwa cha samaki mpaka kikabaki mfupa mweupe, kisha akaomba ugali mwingine. Dagaa wabichi hatukupata, mwezi ulikuwa mpevu.

Furu walipatikana siku ya tatu, fungu moja tu. Mama aliwashika kwa vidole viwili, akawageuza, akamuuliza mchuuzi kwa Kisukuma wametoka mwalo gani, na wakaanza mazungumzo ambayo mke wangu na mimi hatukuelewa hata neno. Wajukuu waliwakataa furu lakini wakamaliza matobolwa ya Kisesa, na mama amenunua debe zima la kurudi nalo. Sasa Tanga kuna unyevu wa bahari. Yatahifadhiwaje?

Binti wa Kisesa

Shemeji, ayaanike tena juani siku mbili mara tu afikapo, yapoe kabisa kivulini, ndipo ayarudishe kwenye debe lenye mfuniko unaobana. Kila baada ya wiki mbili ayatoe tena juani. Na asiyaweke kwenye mfuko wa plastiki.