Naomba ushauri: kufifisha nyuma kwenye picha za Blender

Wakuu, habari za jioni. Nipo Keko hapa Dar, nawachorea mafundi samani picha za 3D kwa programu ya Blender ili mteja aone kochi kabla mbao haijakatwa. Sasa kuna mteja anataka kochi litokee kali, dirisha na pazia la nyuma vififie, kama picha za harusi.

Kwanza nimewasha fokasi ya kamera yenyewe ndani ya Cycles (injini ya Blender inayotengeneza picha). Kwa f/2.8 (uwazi wa lenzi; namba ikishuka, nyuma hufifia zaidi) nyuma hapafifii karibu kabisa. Nikishusha hadi f/0.4 panapendeza, ila picha inajaa chenga kama TV ya chogo isiyo na antena. Nikiongeza sampuli (miale inayopimwa kwa kila nukta ya picha), laptopu yangu (RAM 8, haina kadi ya picha) inakesha, feni inalia mpaka mama mwenye nyumba kauliza kuna nini.

Nikajaribu kurenda (kutoa picha) yote ikiwa kali, halafu kufifisha baadaye kwa ramani ya umbali (inayoonyesha kila kitu kiko mbali kiasi gani na kamera). Dakika tu imeisha. Lakini mkono wa kochi unabaki na kingo kama umekatwa kwa mkasi, na pazia linaloonekana kupitia meza ya kioo halififii, maana ramani inasoma umbali wa kioo, si wa kilicho nyuma yake.

Leo nimepima sebule niliyoichora ndani ya Blender: mita 40, kubwa kupita kiasi! Nikiipunguza mara 10, f/4 si itanipa ukungu uleule wa f/0.4? Na chenga je, zitabaki zilezile? Mnaorendea kwenye mashine za kawaida mnazimalizaje? Mteja anataka picha Ijumaa.