Tupeane uzoefu: kijana wa sekondari ulimtoaje ndani hadi akapenda mazoezi?

Mlezi wa Kijichi (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wazazi, walezi, walimu, makocha na vijana wenyewe. Nataka tuzungumzie miaka 12 hadi 18, maana hapo ndipo watoto wetu wanapoacha kucheza. Akiwa darasa la nne humpati nyumbani: kombolela, rede, kuruka kamba, chandimu mpaka adhana ya magharibi. Akishavaa sare ya sekondari yote hayo yanakatika. Anatoka shule jua linazama, anapitia tuisheni, akirudi ni simu hadi usiku wa manane. Ule uwanja aliokuwa akichezea umeshapimwa na kuuzwa, nyumba zimesimama. Na akiwa binti, hakosekani mtu wa kumwambia umeshakuwa mkubwa, tulia nyumbani.

Wala si kwetu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazouchemsha mwili, na walau siku 3 kwa wiki ziwepo zile za kujenga misuli na mifupa. Utafiti wa shirika hilo uliotoka mwaka 2019, wenye takwimu za nchi 146, ulikuta wanafunzi 81 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Wasichana walikuwa 85, wavulana 78. Mimi linaniuma hili kwa sababu sehemu kubwa ya uimara wa mifupa ya mtu hujengwa kabla hajatimiza miaka 20. Baada ya hapo anatunza tu alichokusanya.

Naanza mwenyewe. Nalea vijana wawili, wa kiume na wa kike, na kilichowatoa ndani ni jogging ya mtaani. Wanaoishi Temeke na Mbagala wanaijua: alfajiri ya Jumamosi na Jumapili barabarani ni vikundi, fulana za rangi moja, mchakamchaka na nyimbo. Kikundi cha kwetu kiliwapokea vijana na kuwapa kazi. Wa kiume anaanzisha nyimbo, wa kike anaandika mahudhurio na kugawa maji. Tangu wapewe kazi hizo siwaamshi. Wanajua wasipotokea kuna watu watauliza. Kwa nilivyoona, kijana hafuati afya, anafuata wenzake, na afya inakuja nyuma yao. Ndiyo maana nataka kusikia: kwenu ilikuwaje?

Likoni Kwetu

Asante kwa mada. Mimi niko Mombasa, naangalia timu ya vijana wa mtaa. Sisi mwezi unaochangamka zaidi ni Ramadhani. Watu wengi hudhani mfungo na mpira haviendi pamoja, lakini mashindano yetu huchezwa usiku baada ya tarawehe, taa zikiwashwa, mtaa mzima ukitazama. Mazoezi mepesi tunayaweka karibu na magharibi, kijana akimaliza anafuturu pale pale. Jua la mchana hatumpeleki mtoto aliyefunga, hilo halina mjadala.

Halafu niwaambie jambo tuliloiga Nairobi. Pale Mathare kuna MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanza 1987. Timu zao hupata pointi za ligi kwa kushinda mechi na pia kwa kusafisha mtaa. Kutokana na chama hicho ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Nasi tukasema kila timu ikiokota taka ufuoni kabla ya mechi inaongezewa pointi. Wazazi waliokuwa wanasema mpira unaleta uhuni wakaanza kuja wenyewe uwanjani, na mtoto ambaye miguu yake si mizuri naye akapata njia ya kuisaidia timu. Kabla ya hapo alikuwa anakaa benchi hadi anakata tamaa.

Mwalimu wa Michezo, Morogoro

Mleta mada umegusa penyewe uliposema binti anaambiwa atulie nyumbani. Nafundisha sekondari ya kata na niseme wazi: kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba, ila mitihani ikikaribia ndicho cha kwanza kuliwa. Na kisipoliwa, mpira mmoja unarushwa uwanjani, wavulana ishirini na kitu wanaukimbilia, wasichana wanakaa chini ya mwembe wanasukana nywele. Mtu anayepita anasema hawapendi michezo.

Nilikaa nao nikawauliza. Majibu yao hayakuhusu kupenda. Wa kwanza alisema sketi ya shule hairuhusu kukimbia. Mwingine akasema siku zake zikifika hana pedi ya uhakika, na choo hakina maji wala mlango unaofungika, bora akae. Wengine walisema wavulana wanawacheka kifua kikicheza. Kwa hiyo nilianza na hayo kabla hata ya mpira. Mkuu wa shule alikubali siku ya michezo wavae suruali za trakisuti au bukta ndefu na fulana, wanaojisitiri wabaki na hijabu zao. Matroni akawekewa akiba ya pedi. Kisha tukaugawa uwanja kwa chokaa, nusu yao, na nusu ile haiingiliwi.

Mchezo waliouchagua wenyewe ulikuwa rede. Wamekua nao, hauhitaji kufundishwa, mpira ni wa kushona kwa soksi na matambara. Ukitaka kujua kama rede ni mazoezi, ingia katikati urushiwe, uone pumzi inavyokuishia. Baada ya wiki kadhaa wakaomba goli za netiboli, wengine wakaomba mpira wa wavu. Sasa tuna timu inayojiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Lakini furaha yangu kubwa ni wale ambao hawatachaguliwa popote na bado wanakuja kila kipindi. UMISSETA inatafuta vipaji, na ni jambo jema, ila shule ikiishia hapo watoto wengi wanageuka watazamaji wakiwa na miaka 14.

Binti wa Kidato cha Tatu, Singida

Shikamooni wakubwa. Naomba na mimi nichangie kama kijana. Huku kwetu tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kila mtoto anataka kukimbia. Ni mtu wa kwetu, na ndiyo dhahabu ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo. Mimi na binamu zangu tunakimbia asubuhi kabla ya kuchota maji, na Jumamosi jioni. Mama aliweka sharti moja: tuwe zaidi ya wawili na tupite njia yenye watu. Nadhani wazazi wakituwekea sharti la namna hiyo badala ya kutukataza, wengi tutatoka.

Nilipoanza nilikuwa nachoka haraka, kizunguzungu, moyo unadunda. Mama akanipeleka kituo cha afya, wakapima damu wakakuta ni ndogo. Nilipewa vidonge na kushauriwa chakula. Sasa hivi naendelea vizuri.

Muuguzi wa Vijana

Mwanangu wa Singida, hongera sana, na mpe mama yako hongera zangu. Wasichana wengi walio kwenye hedhi wanapungukiwa damu bila kujua, wakichoka wanaitwa wavivu. Chakula cha kurudisha madini ya chuma kiko sokoni: dagaa, maini, maharage, choroko, mboga za majani. Kamulia ndimu au kula chungwa pamoja na maharage hayo, vitamini C husaidia mwili kuyachukua madini. Chai usiinywe pamoja na mlo, maana huzuia. Ipe nafasi, walau saa nzima. Vidonge vya kuongeza damu ni vya kupewa baada ya kupimwa, usimeze kwa kusikia mwenzio anameza.

Kwa wazazi: vijana wanakuja kliniki wamekunywa enaji ili wakeshe wakisoma, wengine kabla ya mechi. Kafeini yake inakaa mwilini saa nyingi, na kijana wa umri huo anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Asipolala hakimbii vizuri wala hakumbuki alichosoma. Baada ya mechi maji yanatosha, na akipata uji, ndizi au kiazi kitamu na yai amekula vizuri. Soda moja ya chupa ya kawaida ina sukari isiyopungua vijiko saba vya chai, isiwe ndiyo zawadi ya kila mazoezi.

Bamvua, Unguja

Assalaam alaykum. Sisi huku tumezungukwa na bahari, na bado wamo watoto wa skuli wasiojua kuogelea, hasa wa kike. Vijana wa kiume wanajifunza wenyewe kwa kujichupa pale Forodhani, na wageni wanawapiga picha. Mchezo mzuri, unajenga mabega na pumzi. Lakini nimeshamuona kijana akijichupa kichwa mbele wakati maji yamekupwa. Alihangaika na shingo muda mrefu. Hivyo vijana wangu nimewafundisha kuyasoma maji kwanza. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi muandamo, maji hujaa sana na hukupwa sana, na mkondo huwa na nguvu. Siku za maji mafu bahari imetulia, hizo ndizo za mwanafunzi kuanzia.

Binti zangu wanafundishwa na mwanamke mwenzao, sehemu yenye maji ya kifuani, wakiwa wamejisitiri kwa nguo nyepesi za kubana zisizobeba maji. Buibui na kanga zikilowa huvuta chini, msimtie mtoto majini nazo. Wanaanza kwa kuelea chali na kutulia. Mtu anayejua kuelea anapata muda wa kuokolewa. Mbio waliziona adha, uwanja waliuona wa wavulana, lakini bahari wameikubali na hawataki kutoka.

Mzawa wa Biryogo

Salaam kutoka Kigali. Huku mji umetusaidia. Tangu 2016 kuna Jumapili ambazo barabara kubwa hufungwa asubuhi, magari hayapiti, watu wanatembea, wanakimbia, wanaendesha baiskeli. Sasa ni mara mbili kwa mwezi. Wapo pia wahudumu wanaopima sukari na presha bila malipo, wazazi nao wanapata faida. Mwanangu wa miaka 15 alijifunzia baiskeli kwenye barabara ambayo siku nyingine nisingemruhusu hata kuivuka. Serikali za mitaa za miji mingine zingejaribu hata barabara moja. Haigharimu sana, ni vizuizi na askari wachache.

Baba wa Mabibo

Nina swali kwa wataalamu. Kijana wangu ana miaka 13, mpira ndiyo maisha yake, amerefuka ghafla mwaka huu. Analalamika goti, kuna kinundu kimetokeza chini ya kifuniko cha goti. Bibi yake anasema aache mpira kabisa.

Tabibu wa Viungo

Baba wa Mabibo, mlete apimwe ili tuwe na uhakika, lakini unayoyaeleza tunayaona sana kwa vijana wanaokua haraka na kucheza sana. Mfupa wa muundi unakua, na kano inayotoka kwenye msuli wa paja inauvuta pale inapojishika. Pakiuma, apunguze kuruka na kukimbia kwa muda, aweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na anyooshe misuli ya mbele na ya nyuma ya paja kila siku. Wengi hupona ukuaji unapokamilika. Kuacha mpira moja kwa moja si lazima. Ila akiwa na homa, goti likavimba lote, likamuuma usiku akiwa amelala, au akawa anachechemea, msisubiri.

Kwa makocha wote: msiwatoe watoto benchi moja kwa moja hadi kwenye mbio za kasi. Yapo mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+, yametengenezwa kwa wachezaji kuanzia miaka 14, yanachukua kama dakika 20 na hayahitaji vifaa zaidi ya mpira. Tafiti zimeonyesha yanapunguza majeraha sana yakifanywa mara kwa mara.

Mama Pacha, Arusha

Naona wengi tunaisema simu vibaya. Pacha wangu wa kike wana miaka 16, mpira hawautaki, kukimbia hawataki. Wanajifunza kucheza muziki kupitia video, wanarudia hatua ile ile hadi jasho linatiririka sebuleni, wanaalika na majirani. Nimesogeza meza, nimewaachia zulia. Sharti ni simu ilale chumbani kwangu saa tatu na nusu usiku. Sijawahi kuwaambia kuwa hayo ni mazoezi, na sina haja ya kuwaambia.

Mlezi wa Kijichi (mleta mada)

Nimefurahi mno, hasa Mwalimu wa Morogoro, nimeupeleka mchango wako kwenye kikao cha wazazi shuleni kwetu. Mama Pacha, nakuunga mkono, muziki ni mazoezi halali kabisa. Kuna kundi hatujalisikia: wenye vijana wenye ulemavu. Jirani yangu ana mtoto wa miaka 14 asiyeona, anakaa kibarazani akisikiliza wenzake wakicheza. Nani ana uzoefu?

Mwalimu wa Michezo, Morogoro

Niliwahi kufundisha shule yenye kitengo cha wasioona. Chukua mpira wa kawaida, utumbukize ndani ya mfuko wa plastiki mgumu, ufunge vizuri. Ukibiringika unapiga kelele, anausikia unakotokea na anaufuata. Anzeni watatu tu kwenye kibaraza au ua ulio na ukuta, wanaoona wafungwe kitambaa machoni ili wawe sawa. Anayesubiri zamu anyamaze kabisa, wenzake wapate kuusikia mpira. Wakishazoea, upo mchezo kamili wa wasioona unaoitwa goalball, uko kwenye Paralimpiki, mpira wake una kengele ndani na wachezaji wanaurusha kwa mkono ukibiringika chini. Kwa mbio, akimbie ameshika kamba fupi na mwenzake wa kimo chake. Mwambie jirani aanze na mpira wa mfuko, na watoto wa mtaani waitwe siku hiyo hiyo ya kwanza.